Tulivyomlilia Rubani

Sijawahi kupanda ndege. Naandika hilo mwanzoni kwa sababu watu wanaonisikia nikieleza jinsi bawa linavyoinuka hudhani nimewahi kukaa nyuma ya rubani, au angalau kufagia kiwanja cha ndege. Kazi yangu ilikuwa kushona maturubai. Katika miaka ya hamsini nilikuwa fundi kwenye stesheni ya Nakuru, katika banda lililokuwa nyuma ya ghala la mizigo. Mabehewa ya mahindi, ngano na pareto yaliyoondoka hapo yalifunikwa kwa maturubai tuliyoyaziba mimi na mzee mmoja aliyenitangulia kazini.

Ni huyo mzee aliyenijulisha habari za rubani. Hakuwa mtu wa hadithi. Alishona huku midomo ameifunga, na aliponiita aliniita kwa neno moja, "Mwalimu", kwa sababu nilikuwa nasoma wakati wa chakula badala ya kulala. Siku moja nilikuwa nikilalamikia turubai lililochanwa na seng'enge. Lilikuwa na mpasuko wenye pembe, na mpasuko wa namna hiyo ni mgumu kuziba kwa sababu kitambaa kinavuta pande mbili.

"Yule mama wa ndege alishona wa namna hiyo," mzee akasema bila kuinua macho. "Hapo hapo ulipokaa."

"Mama gani wa ndege?"

"Wa zamani. Kabla ya vita ya pili. Wewe ulikuwa unachunga mbuzi."

Ilinichukua mapumziko mengi ya mchana kutoa kwake habari yote. Mwanamke huyo alikuwa na ndege yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na mabawa yalikuwa ya kitani kilichowambwa juu ya mbao. Aliirusha peke yake, akipeleka barua na dawa kwenye mashamba ya bondeni na ya milimani upande wa Subukia, hasa miezi ya mvua wakati barabara zilikuwa tope tupu. Siku moja ya kiangazi alishuka karibu na Kabazi, upepo ukamsukuma kwenye ua wa seng'enge, bawa la chini likachanika. Akaja Nakuru juu ya lori la maziwa, amevaa suruali, vumbi hadi kwenye nyusi, akaomba sindano iliyopinda na uzi wa nta. Mzee, ambaye wakati huo alikuwa kijana, alimwambia asipate taabu, yeye angeenda kumshonea. Akakataa. Aliomba tu kuonyeshwa mshono wetu wa kurudi nyuma, akakaa juu ya rundo la maturubai, akaujaribu kwenye kipande kikuukuu, akafumua, akajaribu tena mpaka aliporidhika.

"Nilimuuliza kwa nini hataki nimsaidie," mzee akasema. "Akaniambia, ukishona wewe, nikifika huko juu nitakuwa nakufikiria wewe. Nikishona mwenyewe, nitakuwa nafikiria njia."

Jibu hilo nililipenda kuliko jambo lolote nililokuwa nimewahi kusikia kuhusu ndege. Nilikuwa nimesoma madarasa machache tu kabla baba yangu hajafa, na mengine yote nilijifunza peke yangu, kwa kamusi na kwa magazeti yaliyoachwa na abiria kwenye mabehewa ya daraja la kwanza. Nilijua vizuri tofauti kati ya kazi uliyofanyiwa na kazi uliyoifanya mwenyewe. Tangu siku hiyo nilianza kusoma habari za ndege kwa utaratibu. Nilitaka kuelewa kwanza kitambaa, kwa kuwa hicho ndicho nilichokijua: kwa nini kitani na si pamba, kwa nini kilipakwa rangi ya kukikaza kama ngozi ya ngoma, mshono ulikaa wapi ili upepo usiukamate. Kisha nilienda kwenye bawa lenyewe. Nilikata ukanda wa karatasi, nikaushika mdomoni, nikapuliza juu yake, ukainuka. Nilifanya hivyo mara nyingi sana mbele ya mke wangu.

"Huyu mume wangu anapuliza karatasi," aliwaambia majirani. "Wa wenzangu wanapuliza mishahara yao kwenye pombe. Mungu ni mwema."

Tuliishi kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja na jiko la kushirikiana. Katika gazeti moja kuukuu nilikuwa nimepata picha ya rubani yule, amesimama kando ya ndege yake, mkono mmoja juu ya bawa kama mtu anavyomshika ng'ombe aliyemzoea. Niliibandika ukutani. Mke wangu hakuikataa. Aliipa tu cheo chake katika nyumba.

"Mke mwenzangu ameamkaje leo?" aliuliza asubuhi akiwasha jiko. Na nilipochelewa kurudi kutoka kazini: "Usiniambie mimi. Mwambie yule wa ukutani, ndiye amekuwa akikungojea na kofia kichwani."

Rubani alikuwa mzungu, binti wa walowezi, na sikuwa mjinga wa kutolijua hilo. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Ndege tulizoziona wakati huo zilikuwa zinapita kuelekea misitu ya Nyandarua kuwapiga mabomu wapiganaji wa msituni, na walipozisikia, watu kwenye landhi walinyamaza katikati ya sentensi na kutazama chini. Mimi mwenyewe sikupenda sauti ile. Lakini mwanamke niliyempenda alibeba kwinini, na alikuwa ameruka kabla ya hayo yote. Niliviweka vitu hivyo viwili mahali pawili tofauti kichwani mwangu, na sikujaribu kuviunganisha.

Mwisho wa rubani mzee aliueleza kwa maneno machache. Aliruka asubuhi moja kuelekea kaskazini, upande wa maziwa ya chini kule kwenye joto, akiwa na masanduku ya dawa. Hakurudi. Walimtafuta kwa ndege na kwa miguu, hawakuona hata msumari.

Kwa hiyo nilikuwa na mwanya, na mwanya huo niliutumia. Nilikokotoa mafuta ambayo ndege ya aina ile ingeweza kubeba, nikapima kwenye ramani umbali ambao ingefika, nikatafuta sehemu zilizo tambarare kiasi cha kushukia. Ziko nyingi. Sikusema kwamba yu hai. Nilipendelea tu kutosema kwamba amekufa. Kichwani mwangu alikuwa bado yuko njiani.

Kisha tukapata mtoto wetu wa kwanza, msichana, na mama yangu akaja kwa treni kutoka magharibi kumwona.

Alishuka na kuku wawili na mkungu wa ndizi, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa mke wangu kabla hata ya kukaa, akamtazama usoni kwa muda mrefu. Mtoto alikuwa analia. Alikuwa amelia karibu tangu alipozaliwa. Alishika ziwa, akavuta kidogo, akaliachia, akalia. Nesi wa dispensari ya reli alikuwa amempima na kusema ni gesi, tumsugue tumbo na kumbeba wima. Tulisugua. Tulimbeba wima. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko siku alipozaliwa, na mke wangu alikuwa ameacha kufanya utani.

"Mmemwita nani?" mama akauliza.

"Bado, mama. Tulikuwa tunakungojea."

"Basi ndiyo maana. Kuna mtu anaomba."

Sina budi kueleza. Kwetu, mtoto mchanga akilia bila kukoma na kukataa ziwa, husemwa kwamba mmoja wa waliokufa anataka kupewa jina katika mtoto huyo. Mtu mzima humshika mtoto kifuani mwa mama yake na kuwataja marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, polepole, akimwachia kila mmoja nafasi. Anapotajwa yule anayeomba, mtoto hunyamaza na kunyonya. Mimi nilikuwa nimesoma mambo mengi kuhusu tumbo la mtoto mchanga. Lakini nilikuwa nimesugua tumbo hilo kwa mikono yangu, na halikunisikiliza.

Mama alianza na mama yake mwenyewe. Akaja kwa mama wa baba yangu, kisha mashangazi, kisha dada yake aliyekufa kwa ndui, kisha bibi wa zamani ambaye hata mimi sikuwahi kumsikia. Alipomaliza upande wetu aliingia upande wa mke wangu, akimuuliza majina na kuyarudia kwa heshima ile ile. Mtoto alilia majina yote yakipita. Kesho yake mama aliyarudia, maana huenda mmoja hakusikia. Mtoto akalia.

Mchana wa siku hiyo nilirudi kula. Mama alikuwa ameketi kitandani, amechoka. Mke wangu alikuwa na mtoto kifuani na macho yake yalikuwa mekundu.

"Wameisha," mama akasema. "Nimebakisha ng'ombe."

"Basi mama amwite huyo mke mwenzangu," mke wangu akasema kwa hasira, akaelekeza kidevu ukutani. Akalitaja jina la rubani, jina lake la kwanza, kwa sauti, kama mtu anayemtupia mwingine kitambaa cha vyombo.

Mtoto akanyamaza. Akageuza uso, akashika ziwa, akanyonya.

Tulisikia akimeza. Nimelifikiria jambo hilo kwa utulivu miaka mingi na bado siwezi kutoa hukumu. Huenda alikuwa amechoka. Huenda gesi ilikuwa imetoka wakati huo huo. Huenda ni ile sauti ya ghafla. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba alinyonya hadi akalala, na kwamba mama yangu alisimama, akaenda kwenye picha, akaitazama kwa karibu, pua yake karibu iguse karatasi.

"Huyu ni wa ukoo gani?"

"Si wa ukoo, mama. Ni rubani. Mzungu wa zamani."

"Naona ni mzungu, sijapofuka. Amekufa?"

"Hakurudi."

"Sikuuliza kama alirudi. Nimeuliza kama amekufa."

Mama akakaa tena na kunieleza, kwa ile sauti aliyotumia nilipokuwa mdogo na nimekaribia moto. Jina linaloombwa kwa kilio ni la marehemu. Ukimpa mtoto jina hilo na mwenyewe bado yu hai mahali fulani, mmoja atamvuta mwenzake, na mwenye nguvu ndogo ndiye huvutwa. Kwa hiyo jina hilo lisitajwe tena ndani ya nyumba mpaka mimi nijue kwa hakika.

"Wewe si ndiye unasoma?" akasema. "Soma basi."

Kwanza nilimuuliza mzee kazini. Alifikiri, akatoa nta kwenye kidole gumba, akasema yeye alijua habari za uzi tu, lakini kama nilitaka mtu aliyemjua kweli kulikuwa na mama mmoja kule Kabazi, kwenye shamba alikoshukia, aliyekuwa akimwashia moto. Jumapili iliyofuata nilipanda lori la maziwa lililokuwa likirudi tupu. Nyumbani mtoto alikuwa ameanza tena kulia.

Yule mama nilimkuta kwenye laini, zile safu za vibanda vya wafanyakazi wa shamba, amekaa juani akichambua maharagwe, na mikono yake ilikuwa na harufu ya pareto iliyoingia kwenye ngozi. Nilimsalimu, nikamwambia nilikotoka na ninachotafuta, nikificha sababu. Hakushangaa hata kidogo. Alifuta kiti kwa kanga.

"Moto ulikuwa wa moshi," akaeleza. "Si wa kuota. Tulikuwa tunachoma majani mabichi mwisho wa kiwanja ili aone upepo unaenda wapi. Yeye akiona moshi umelala hivi, anakuja hivi. Moshi ukisimama wima, anakuja anavyotaka." Akacheka. "Akishuka anakuja kwetu kwanza. Anasema, mama, moto wako leo umenidanganya. Nami namwambia, si moto, ni wewe umekuja kama kuku."

"Na siku ile ambayo hakurudi?"

"Tuliwasha. Kesho yake tukawasha. Tuliendelea kuwasha saa zake zile zile, mimi na wenzangu, mpaka mwenye shamba akasema basi, tunamaliza majani ya ng'ombe. Baadaye akapanda pareto kiwanja chote. Ni pale."

Nilitazama alipoonyesha. Maua meupe yalianza kwenye seng'enge na kuteremka sawasawa hadi kwenye miti. Mtu asiyejua asingejua.

"Mama," nikasema, "wewe unaonaje? Alikufa?"

"Mimi niliacha kuwasha kwa sababu niliambiwa niache," akasema. "Si kwa sababu nilijua."

Hiyo ndiyo taarifa niliyorudi nayo Nakuru. Nilimpa mama yangu kama nilivyoipokea, bila kuongeza. Alisikiliza huku akimtikisa mtoto begani, na mtoto akilia kwa sauti nyembamba ambayo ilinitisha kuliko ile kubwa ya mwanzo.

"Hawakumzika," mama akasema.

"Hawakumpata."

"Na hakuna aliyemlilia?"

"Sijui kwao. Hapa hapana. Hapa walimngojea."

"Basi hapo ndipo shida ilipo. Mtu hajaliliwa. Yuko mlangoni, hajaingia wala hajatoka." Akampa mke wangu mtoto. "Mtu wetu akipotea na mwili usionekane, tunafanyaje?"

Nilijua. Unachukuliwa mgomba, shina lake hukatwa kwa urefu wa mtu, hufungwa kwa nguo, na huzikwa na kuliliwa mahali pa mtu mwenyewe. Baada ya hapo ni marehemu kama marehemu wengine, na jina lake linaweza kupewa mtoto bila hatari. Niliona mama alikokuwa akielekea, na jambo ambalo hakulitarajia ni kwamba mimi nilikataa.

Nilisema si haki kumzika mtu ambaye huenda anaishi. Nilisema yeye si wa mila zetu. Nilitoa ramani, nikaonyesha sehemu tambarare, nikaeleza habari ya mafuta. Nilizungumza vizuri sana. Mama alitazama ramani kwa adabu, kama anavyotazamwa mtoto wa mtu mwingine.

Mke wangu ndiye aliyenikatiza.

"Bwana," akasema, na hakuwa akiniita hivyo mara kwa mara. "Mimi nimekaa na huyo mwanamke ukutani tangu uliponioa. Sijawahi kukuambia umtoe. Leo nakuomba uchague. Uendelee kumngojea huyo, au uwe baba ya huyu."

Mtoto alikuwa ameacha kulia. Si kwamba ametulia. Alikuwa hana nguvu.

Nikasema ndiyo, tumzike. Nilisema kwa sauti ya chini, na mama akanifanya nirudie.

Mgomba haukuwa rahisi kupatikana Nakuru, kwa sababu ya baridi, lakini mzee alijua mtu aliyekuwa na migomba michache nyuma ya karakana. Alikuja nao mwenyewe begani. Yeye na mama yangu walikuwa watu wa magharibi wote wawili lakini wa makabila mawili, na kabla mgomba haujafika chini walikuwa wameanza kubishana.

"Kwetu hatuziki ndizi," mzee akasema. "Tunazika tunda la mwegea. Ni gumu, lina uzito wa mtu. Hii ndizi yenu inaoza kwa wiki moja."

"Na mtu je?" mama akamjibu. "Yeye hukaa miaka mingapi?"

Mzee akafikiri, akasema hilo hakuwa amelipima, akachukua jembe.

Tulichimba kwenye kijishamba cha sukuma wiki nyuma ya nyumba, Jumapili asubuhi watu walipokuwa kanisani. Tulitaka liwe jambo la watu wanne na mtoto, maana siku hizo mkusanyiko wowote ulihitaji ruhusa. Mama aliufunga mgomba kwa kanga yake mwenyewe, si ile mpya wala ile mbovu. Tukaulaza. Kisha, bila kutuonya, mama akapiga nduru.

Nilikuwa sijamsikia akilia hivyo tangu kifo cha baba. Ilikuwa nduru ya kweli, yenye mwanzo wake na mkondo wake, na ndani yake alimwita rubani "mwanangu", akamuuliza alikuwa analala wapi siku zote hizo, nani alimpa maji, kwa nini hakupita nyumbani. Milango ya landhi ilianza kufunguka. Waliokuwa hawajaenda kanisani wakaja mbio, wanawake wakijifunga leso, na kwa kuwa kwetu kilio huingiwa kwanza na huulizwa baadaye, wakaanza kulia pamoja naye. Waliorudi kutoka kanisani walikuta matanga. Mtu akaleta unga, mwingine akaleta kuni, mwingine sufuria kubwa. Jirani mmoja alinishika mkono kwa nguvu, akasema pole sana ndugu, kisha akaniinamia sikioni, "Ni nani?"

"Ni rubani," nikasema.

"Wa kwenu?"

"Mzungu. Alipotea zamani."

Akaniachia mkono polepole. "Tunamlilia mzungu? Miaka hii?"

Mama alimsikia. "Muulize mtoto," akasema huku machozi yakimtoka. "Mimi nilimtajia watu wetu wote, akawakataa."

Jirani akamtazama mtoto, akatutazama sisi, akatikisa kichwa. Lakini hakuondoka. Alienda kupasua kuni.

Kisha akaja askari wa reli na kitabu chake chini ya kwapa. "Mzee, mkutano huu ni wa nini?"

"Matanga, afande," mzee akajibu akiegemea jembe.

"Maiti iko wapi?"

"Haipo, afande. Ndiyo maana tunalia."

Askari alikuwa mtu wa magharibi pia. Alichungulia shimoni, akauona mgomba uliofungwa kanga, akavua kofia. Alisema tumalize kabla ya saa ya chakula, akasimama kando ya ukuta mpaka mwisho kana kwamba alikuwa ametumwa kutulinda.

Kabla ya udongo kurudishwa, mtu anayemjua marehemu husimama na kueleza maisha yake. Mama alinitazama. Watu wote walinitazama. Hapakuwa na mwingine, kwa hiyo nilisimama.

Nilikuwa nimezungumza juu ya mwanamke huyo kwa miaka, na siku zote nilisema anashuka hivi, anashona hivi, anabeba hivi, kama wasemavyo juu ya aliye hai. Nilianza kwa njia hiyo hiyo na sentensi ikakataa kusonga. Mke wangu alinitikisia kichwa kidogo. Nikaanza upya. Nikasema alikuwa mwanamke aliyerusha ndege ya kitambaa. Nikasema alibeba dawa, na mvua haikumzuia. Nikaeleza jinsi bawa lake lilivyochanika, jinsi alivyokaa kwenye banda letu na kujifunza mshono, na jibu alilompa mzee, na mzee akasema, "Ni kweli, alisema hivyo." Nikaeleza habari ya moshi wa Kabazi, na wanawake hapo wakaguna kwa huzuni waliposikia kwamba moto uliendelea kuwashwa. Nikamaliza kwa kusema alikwenda kaskazini, na kwamba alifia safarini. Neno hilo la mwisho sikuwa nimewahi kulitamka. Lilinitoka vizuri kuliko nilivyotarajia, na baada ya hapo nililia, mimi ambaye sikuwahi kumwona hata mara moja.

Mama alitupa konzi ya kwanza ya udongo. Kisha akamchukua mtoto, akamwita kwa jina.

Sitaki kusema kwamba alipona papo hapo. Alinyonya kidogo mchana ule, zaidi jioni, na kwa siku zilizofuata alilia kama watoto wote wanavyolia na kunyamaza kama wanavyonyamaza. Nesi alifurahi, akasema tumesugua vizuri. Mama ndiye aliyebadilika. Alipokuwa akimbeba alizungumza naye kama mtu mzima aliyetoka safari ndefu. "Kula, mzungu wangu," alimwambia. "Huko ulikokuwa walikunyima." Na mtoto alipomkojolea: "Hiyo ndiyo asante yako? Baada ya kanga yangu?"

Nilimsindikiza mama stesheni wiki iliyofuata. Alikuwa amepata nafasi dirishani, kikapu magotini. Filimbi ilipokaribia kulia alinivuta kola.

"Wewe unasoma sana," akasema. "Siku moja utasoma mahali kwamba yule mwanamke yu hai, anakaa kwao, amezeeka. Usiniandikie."

"Kwa nini, mama?"

"Nimemlilia vizuri. Siwezi kurudisha machozi. Na wewe usimtafute tena. Una mmoja wa kumwangalia."

Nikamwambia sitamtafuta. Tangu ujana wangu sijawahi kuacha jambo lolote bila kulithibitisha, na hilo ndilo la pekee nililoliacha.

Nilirudi kwa miguu kupitia reli. Mke wangu alikuwa uani, akimwogesha mtoto kwenye beseni, anamwita kwa jina lake ili atulie, na mtoto anampiga maji usoni. Nikainama, nikamwita na mimi. Alinigeukia. Nililitamka tena, na wakati huo jina halikunikumbusha mtu mwingine yeyote.